Ukoka wa nyumbani Tanga: andaa ardhi kwa jua la kaskazi, panda kwa mvua za masika

Assalaam alaykum, watazamaji wangu, karibuni tena. Hapa nilipo ni Sahare, Tanga mjini, nyumbani kwa mama mmoja aliyeniita nimtengenezee uwanja wa ukoka mbele ya nyumba. Video hii nimeipiga vipande vipande kuanzia Februari mpaka Julai, kwa hiyo mtaona jua, mtaona tope, halafu mtaona kijani. Nimefanya hivyo makusudi. Watu wengi wanaonyeshwa siku ya kupanda tu, na siku ya kupanda ndiyo nyepesi kuliko zote.

Tuanze. Kabla ya jembe, kaa barazani uangalie watu wanavyopita. Mama alitaka kijani ukuta hadi ukuta. Aliniambia, "Mwanangu, mie nataka majani mpaka kule mwisho." Nikamuuliza, "Sawa mama, na siku ya shughuli masufuria tutayainjika wapi? Mikeka itatandikwa wapi?" Akanyamaza kidogo, akaonyesha kidole chini ya mwembe. Basi pale chini ya mwembe tumepaacha uwanja mtupu wa kufagiwa kwa ufagio wa chelewa, kama uani kwa bibi zetu. Uwanja wa kufagiwa una heshima yake na kazi yake, usiufute kwa sababu umeona picha za nyumba za mbali. Na chini ya mwembe uliofunga majani hivi, ukoka mwingi unakonda na kufa kwa kukosa jua.

Angalieni pia hii njia nyembamba inayotoka getini kwenda kwenye bomba. Hakuna aliyeichora, miguu ndiyo iliyoichora. Ukiipanda ukoka watu wataendelea kupita na itabaki kipara. Mimi nimeweka mawe bapa, jiwe kwa jiwe hatua moja ya mtu mzima, na nimeyazamisha yalingane na ardhi ili mashine ya kukata majani ipite juu bila kugonga.

Sasa kupima. Nachukua kamba ya katani, na Tanga katani haitafutwi, nafunga kwenye vigingi vya miti. Upande huu mita 12, ule mita 8, jumla mita za mraba 96. Andika namba hiyo ukutani kama huna daftari, maana samadi, udongo na mbolea vyote vitahesabiwa kwayo. Pale tunapotaka kona ya duara, usihangaike na kamba: laza mpira wa maji chini, uuvute mpaka jicho liridhike, halafu fuata mpira kwa ncha ya jembe.

Tunafika kwenye jambo lenyewe, nalo ni gugu liitwalo ndago. Naomba kamera isogee karibu. Mche huu unafanana na nyasi, lakini ushike shina hapa chini uliviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Unasikia kona tatu? Shina la nyasi ni la mviringo au bapa, la ndago lina pembe tatu. Sasa nachimba taratibu, sivuti. Mnaona kiazi hiki kidogo cheusi, chini yake uzi, na kwenye uzi kiazi kingine, na kingine. Ukivuta kwa mkono, jani linakuja na viazi vinabaki, na kila kiazi kilichobaki kinachipua. Ndago si waja leo waondoka leo.

Hili nimelijua kwa maumivu. Miaka ya nyuma nilifanya kazi moja Chumbageni, nikanunua lori la udongo mweusi, mzuri kwa macho, sikuuchambua. Nikasambaza, nikapanda. Wiki ya tatu ndago ilikuwa imetangulia ukoka uwanja mzima. Nilifumua kila kitu na kupanda upya kwa gharama yangu, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile udongo wa kununua nauweka pembeni kwanza, nalowesha sehemu ya rundo, nasubiri wiki mbili. Kikichipua chochote chenye pembe tatu, udongo huo hauingii uwanjani.

Lakini ndago ina udhaifu, nao ni ukavu. Ndiyo maana tumekuja Februari. Jua la kaskazi linachoma na mvua ni haba, basi tulifumua ardhi kwa jembe la meno, kina cha sentimita 20 hivi, tukaacha mabonge juu yaanikwe. Usitumie jembe la kawaida kukatakata, maana unazikata zile nyuzi na kuamsha viazi vilivyokuwa vimelala. Jembe la meno linainua. Baada ya wiki mbili tulirudi tukageuza tena, tukaokota tulivyoviona, wiki mbili nyingine tena. Mara tatu jumla. Viazi vilivyookotwa tumevikausha juu ya bati, hatukuvitupa kwenye shimo la mboji. Wako wanaotumia dawa ya kuua magugu, na inafanya kazi ikipigwa majani yakiwa mabichi na machanga, siku isiyo na upepo, mpigaji amevaa glavu na kufunika mdomo. Mimi nikiwa na miezi miwili ya jua mkononi, naanza na jua.

Sasa ni mwanzoni mwa Machi, tunasawazisha. Maji ya mvua lazima yaondoke kwenye msingi wa nyumba, na yasituame popote, maana yakituama umewafugia mbu. Kipimo changu ni kushuka sentimita 2 kwa kila mita 1. Kutoka ukuta wa nyumba mpaka mita 5, ardhi ishuke sentimita 10. Mafundi ujenzi wanajua kupima kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, waazime wao.

Udongo wetu wa huku karibu na bahari ni mchanga uliokalia mwamba wa matumbawe. Maji yanapita kama kwenye chujio, na mwamba una chokaa nyingi. Ukoka unataka angalau sentimita 10 hadi 15 za udongo unaoshika unyevu. Dawa yake ni samadi, na Tanga kuna wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa, samadi ipo. Ila iwe imeiva. Naingiza mkono kwenye rundo hivi mpaka kiwiko. Ndani ni baridi, nikiutoa mkono nasikia harufu ya udongo wa mvua. Hii ndiyo. Ukiingiza mkono ukakuta joto, au ukisikia harufu kali ya mkojo, iache miezi miwili mitatu zaidi, kwa sababu itaunguza mizizi na itakuletea mbegu za magugu zilizopita salama tumboni mwa ng'ombe. Tumeweka toroli moja kwa kila mita za mraba 5, toroli 19 au 20, tukachanganya na sentimita 10 za juu, tukapiga reki, tukamwagilia, tukaacha ardhi ikae wiki moja. Palipodidimia tunajaza sasa, si baadaye.

Kuchagua aina. Karibu na bahari, ambako maji ya visima yana chumvi, napendelea paspalum, inavumilia chumvi kuliko nyingine. Hata hivyo mwezi mmoja wa mwanzo ipe maji yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua, ikishashika ndipo uchanganye na ya kisima. Ule ukoka wetu wa kawaida wa jani jembamba unavumilia jua na kukanyagwa na watoto, lakini kivuli unakikataa. Penye kivuli cha nusu siku, tafuta nyasi za Pemba, zile za jani pana na bapa. Hapa kwa mama tumeweka paspalum uwanja mkubwa, na utepe wa nyasi za Pemba upande wa mwarobaini.

Mvua za masika zimeanza kukolea, tunapanda. Tazameni kipando hiki: kina vifundo vitatu, na kila kifundo kinaweza kutoa mizizi. Vipando vyote viko chini ya gunia lililoloweshwa, msaidizi wangu anatoa konzi moja moja. Ukivianika juani hata saa moja, umepanda majani makavu. Nachora mfereji wa kina cha sentimita 5, mfereji hadi mfereji sentimita 20. Nalaza vipando kila sentimita 15, vifundo viwili vinafukiwa, ncha inachungulia. Nafukia, nakanyaga kwa unyayo, kidogo tu, ili udongo ushikane na mizizi. Kwa namna hii mita 1 ya mraba ya ukoka wa kitaluni mimi inanipandia mita 10 na zaidi. Wanaoweka mabamba mazima wanapata kijani siku hiyohiyo, lakini mfuko unasikia.

Wiki mbili za kwanza ardhi isikauke juu. Siku isiyo na mvua, mwagilia asubuhi na jioni, kwa maji mepesi. Na usikanyage. Watoto wa hapa tulikaa nao, tukawaonyesha mizizi, wakafunga kamba wenyewe.

Sasa ni Juni, ukoka umefunga karibu wote. Tunakata kwa mara ya kwanza ukifika sentimita 6, tunaushusha mpaka 4. Kanuni ninayoishika ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja. Ukiuacha ukarefuka halafu ukaunyoa chini, unabaki na vijiti vya njano na jua linafika ardhini kuamsha magugu. Nyasi za Pemba ziache juu zaidi, sentimita 6 hivi. Mashine au fyekeo, vyovyote, makali tu. Nachuma jani moja hapa, tazameni ncha yake: imekatika safi. Na hili la upande ambao kisu kilikuwa butu, ncha imechanika nyuzinyuzi na imeanza kuwa nyeupe. Uwanja mzima ukiwa hivyo, kwa mbali unaonekana umepauka, mtu anadhani ni njaa ya mbolea kumbe ni kisu.

Maji ya kudumu sasa. Acheni mazoea ya kunyunyiza kidogo kila jioni, mizizi inabaki juu juu. Weka makopo matupu ya nyanya matatu manne uwanjani, fungua maji, hesabu dakika mpaka yajae milimita 12. Fanya hivyo mara mbili kwa wiki, alfajiri, wiki ambazo hakuna mvua. Utajua ukoka una kiu ukiukanyaga na alama ya unyayo ikabaki, na jani likajikunja na kuingia rangi ya kijivu.

Mbolea: urea kilo 1 kwa mita za mraba 100, si zaidi, kila baada ya wiki sita hadi nane wakati wa mvua. Ichanganye na mchanga mkavu ndoo moja ili isambae sawa. Nusu nairusha nikitembea kwa urefu, nusu kwa upana. Majani yawe makavu, na ukimaliza tu, mwagilia, la sivyo punje itachoma jani na utaona madoa kesho kutwa. Lakini sikiliza hili la kwetu pwani: jani likiwa njano huku mishipa yake imebaki kijani, usikimbilie urea. Hiyo ni dalili ya kukosa madini ya chuma, yamefungwa na ile chokaa ya matumbawe. Ongeza mboji iliyoiva, na kwenye duka la pembejeo ulizia mbolea ya majani yenye chuma.

Mvua zikinyesha vizuri, viwavi nao wanakuja. Ukiona ndege wamejazana mahali pamoja na ukoka umeliwa kwa mabaka, chukua lita 10 za maji, vijiko viwili vya sabuni ya maji, mwaga kwenye mita 1 ya mraba jioni. Ndani ya dakika chache wanapanda juu, uwahesabu. Wakiwa mmoja wawili, waachie ndege.

Mti wowote uuachie duara lisilo na ukoka, sentimita 60 kutoka kwenye shina, ulifunike kwa makumbi ya nazi. Mashine isije ikachubua gome. Chini ya dirisha la chumba cha mama tumepanda asumini, mlangoni mrehani. Bougainvillea tumeipeleka ukutani mbali, kwa ajili ya miiba na watoto.

Kaskazi itakaporudi Desemba, msihangaike kuulazimisha uwe kijani kibichi. Inueni mkato mpaka sentimita 5 au 6, urea iwekeni kando, maji yabaki mara mbili kwa wiki. Utapauka kidogo, mizizi iko hai. Leo ni Julai, kamba tumeifungua asubuhi hii, watoto wako katikati pekupeku. Mama mwenyewe mkeka wake ameutandika palepale chini ya mwembe, anawatazama.