Laptopu imekwama 1024 kwa 768: Linux haijaiona kadi

BAHATI: Karibuni, hapa ni Goma. Mimi Bahati, niko na dada Furaha. Leo tunaongelea laptopu iliyotumika Ulaya, imenunuliwa Birere, hapa mjini, ikawekwa Ubuntu au Mint, ambazo ni aina za Linux. Inawaka vizuri, lakini maandishi yamevimba, na kwenye mpangilio wa skrini kuna chaguo moja tu: 1024 kwa 768.

FURAHA: Hilo chaguo kuwa moja ndiyo dalili yenyewe, kaka. Kioo chenyewe ni cha 1366 kwa 768, au 1920 kwa 1080. Linux ikikupa chaguo moja, mara nyingi kerneli, yaani kiini cha mfumo, haijaishika kadi ya grafiki. Inachora kwenye eneo la picha lililoachwa na BIOS, ile programu ndogo inayoiwasha mashine. Hapo watu wanakimbilia xrandr, amri ya kubadilisha ukubwa wa skrini, wanabandika amri walizookota huku na kule, na hakuna kinachosogea. xrandr haiwezi kuamrisha kadi ambayo haina draiva, yaani programu ya kuiendesha.

BAHATI: Basi tuiulize kadi kwanza.

FURAHA: Fungua terminali, andika:

lspci -k | grep -A3 VGA

Tafuta mstari "Kernel driver in use". Laptopu nyingi za Intel zitaonyesha i915. AMD ni amdgpu, au radeon kwa kadi za zamani. NVIDIA ni nouveau au nvidia. Mstari huo usipokuwepo, draiva haikupakiwa.

BAHATI: Na mshukiwa wa kwanza ni neno nomodeset, linaloizuia draiva ya grafiki isishike kioo. Wakati wa kuweka Ubuntu, mtu akichagua "safe graphics" ili kioo kisiwe cheusi, neno hilo linaweza kubaki ndani ya mfumo. Andika cat /proc/cmdline. Ukiliona, fungua faili:

sudo nano /etc/default/grub

Kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT futa nomodeset tu, acha quiet splash. Hifadhi, kisha sudo update-grub, uwashe upya. Ukisahau update-grub, hakuna kitakachobadilika.

FURAHA: Na kama sasa kioo kinabaki cheusi kabisa?

BAHATI: Wakati wa kuwaka, gusa Esc mpaka menyu ya GRUB, programu inayoianzisha Linux, itokee; kwenye mashine za BIOS ya zamani shikilia Shift. Bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, acha nafasi, andika nomodeset, kisha F10. Hiyo ni ya mara hiyo moja, haihifadhiwi.

FURAHA: Subiri, hapo wengi wanakwama. Klavie zetu nyingi ni AZERTY, na GRUB kwa kawaida inazisoma kama za Marekani. Ukibonyeza M, inatokea nuktamkato. Herufi m utaipata kwenye kitufe cha mkato, kile cha kulia kwa N. Herufi nyingine zote za nomodeset ziko palepale.

BAHATI: Mshukiwa wa pili ni umeme. Betri imechoka, umeme unakatika katikati ya kusasisha, kerneli mpya inabaki nusu. Washa upya, fuata "Advanced options" ndani ya GRUB, chagua kerneli ya zamani, halafu malizia kazi iliyokatika:

sudo dpkg --configure -a
sudo update-initramfs -u -k all

FURAHA: Kwa AMD kuna jambo la tatu: draiva ipo, lakini faili za kuendesha kadi hazipo. Kwenye Debian, aina nyingine ya Linux, pakiti inaitwa firmware-amd-graphics, na kuanzia Debian 12 ya mwaka 2023 inakaa kwenye sehemu ya hazina ya programu iitwayo non-free-firmware. Ubuntu inaitumia linux-firmware, ambayo ni mamia ya mega, kwa hiyo usianze kuipakua ikiwa forfait, yaani kifurushi chako cha intaneti, inakaribia kuisha.

BAHATI: Sasa xrandr inafaa lini?

FURAHA: Draiva ikiwa nzima lakini kioo kimekataa kujitaja. Mfano mzuri ni projekta ya kanisa au ya ukumbi wa semina, kwa waya wa VGA. Skrini hujitambulisha kwa EDID, kipande cha data cha baiti 128 au zaidi, kinachopita kwenye pini ya 12 na ya 15. Waya wa bei rahisi, au kigawanyo cha VGA, unaweza kuwa hauna nyaya hizo. Kompyuta isiposikia kitu inakisia, na kukisia kwake ni 1024 kwa 768. Nikiwa na chaguo nabadilisha waya kabla ya kuandika amri yoyote.

BAHATI: Na kama waya mwingine haupo?

FURAHA: Tuseme projekta ni 1280 kwa 800. Andika cvt 1280 800, itakupa namba za kunakili:

xrandr --newmode "1280x800_60.00" 83.50 1280 1352 1480 1680 800 803 809 831 -hsync +vsync
xrandr --addmode VGA-1 "1280x800_60.00"
xrandr --output VGA-1 --mode "1280x800_60.00"

Jina VGA-1 lisome kwenye xrandr yako mwenyewe. VGA1 bila kistari ni jina tofauti, utaambiwa "cannot find output". Ukirudia mstari wa kwanza utapata BadName, maana hiyo modi, yaani ukubwa huo wa picha, tayari ipo. Endelea na wa pili. Ukizima mashine yote yanapotea, isipokuwa umeweka mistari hiyo mitatu kwenye faili la .xprofile, linalosomwa unapoingia.

BAHATI: Yote hayo ni kwa Xorg, mfumo wa zamani wa kuchora madirisha; mpya unaitwa Wayland. Andika echo $XDG_SESSION_TYPE. Ikijibu wayland, amri hizo hazitasaidia. Hapo rudi kwenye /etc/default/grub, uongeze video=VGA-1:1280x800@60 kwenye mstari uleule wa quiet splash, na update-grub tena.

FURAHA: Kuna swali linakuja sana: kioo ni 1366 kwa 768, je, naweza kupata 1920 kwa 1080?

BAHATI: Hapana, nukta hazizaliwi na amri. Ukiandika xrandr --output eDP-1 --scale 1.25x1.25 unapata nafasi zaidi, lakini herufi zinafifia na macho yanauma. Dawa ni kubadilisha kioo.

FURAHA: Na si kioo peke yake. 1080 yenye rangi za biti 24 inahitaji karibu gigabiti 3.3 kwa sekunde, wakati njia moja ya eDP, waya wa ndani unaounganisha bodi na kioo, kwa kawaida inapitisha 2.16. Waya wa kioo cha 768 mara nyingi una njia moja tu. Hata pini 30 zikilingana, kioo kipya kinaweza kubaki cheusi. Mwambie fundi akuonyeshe namba ya modeli iliyo nyuma ya kioo, na aulizie waya wa ndani wa njia mbili unaoingia kwenye bodi ya laptopu yako, kabla hujatoa pesa.