Majestic: Pale Mji Mkongwe Ulipotoka Nje

Assalaam aleikum, wazee wangu na ndugu zangu.

Nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ni nyumba ya sitara. Njiani inakupa ukuta mnene wa mawe na chokaa na mlango wa kuchonga. Uwanda, kisima na mazungumzo yote yako ndani. Nje pana baraza, na barazani hukaa wanaume. Nimeanza hapo kwa sababu ndipo utakapofahamu kwa nini nyumba moja ya sinema hapa Vuga ilipendwa vile.

Kwanza palikuwa na Royal, ya miaka ya 1920, iliyochorwa na Mwingereza John Sinclair, yule yule aliyechora jumba la makumbusho la Beit el Amani. Ikaungua. Mwaka 1955 pahala pake pakasimama Majestic, kazi ya Dayalji Pitamber Sachania, kwa mtindo wa kisasa wa wakati ule. Wageni huipita wakitafuta milango ya kuchonga, na sisi ndio tunaowapitisha. Tunakosea. Mji haukumalizika kujengwa zama za Sultani Barghash.

Lakini mambo yalikuwa ndani! Filamu za Kihindi, za Misri, za Marekani. Na zanana, onyesho la wanawake peke yao. Wafikirieni bibi zetu: buibui njiani, na mle ndani kanga mpya, vikuba vya asumini, watoto mapajani, wanamlilia Nargis, yule nyota wa filamu za Kihindi, kwa sauti na hapana wa kumwonea haya. Kihindi wengi hawakukijua. Nyimbo walitoka nazo vichwani, na nyingine zikaingia kwenye taarab, zikavishwa maneno yetu.

Miaka ya 1970 ikaja televisheni, tena ya rangi, halafu video. Mji ukarudi majumbani. Paa la Majestic likaporomoka, mvua ikaingia, na jengo linaloingia mvua halisubiri vikao.

Mwaka 2000 UNESCO iliutia Mji Mkongwe kwenye Urithi wa Dunia. Nami nasema wazi: paa na viti fundi atavirudisha, ila zanana hakuna fundi anayeijua asipoelezwa. Kwa hivyo leo sitamaliza mimi. Bibi zangu mlioketi hapo mbele, naleta kipaza sauti. Tuambieni mlikuwa mkikaa upande gani, na nani akiwashikia nafasi.