Posa ya Paka

ESHA: Assalaam alaykum wapenzi wasikilizaji, karibuni tena barazani kwetu Lamu. Mimi ni yule yule, na mwenzangu mnamjua, leo kaja kanuna.

KOMBO: Sijanuna.

ESHA: Kahawa hujaigusa.

KOMBO: Sijanuna, nina kesi. Wasikilizaji nyinyi ndio makadhi leo. Huyu dada yenu wiki hii kamfukuza shemeji yangu nyumbani kwake, mtu mzima, ndevu zake, na chai hajamaliza.

ESHA: Chai alimaliza! Na mahamri alikula na mbaazi akaongezewa, usinitie aibu hewani ati mimi sikirimu wageni. Nilichomnyima ni paka tu.

KOMBO: Mwasikia? Kamnyima paka. Lamu hii! Mji ambao ukitoka nje na kichwa cha samaki mkononi unarudi na msafara, mtu ananyimwa paka kama anaomba kiwanja cha mbele ya bahari.

ESHA: Haya, niacheni nieleze manake ukimwacha Kombo atawasimulia mpaka mwisho bila kuwaambia ni paka gani. Kuna kipaka nilimchukua pale kituo cha kutunza paka, walikuwa wamejaa, wakaniomba nikae naye mpaka apatikane mtu. Jike, miezi mitatu na kitu, mweupe ana mabaka ya kijivu, miguu mirefu kama paka wetu wote wa huku. Ila mwoga, jamani, mwoga! Akisikia punda anashushwa mawe kule nje hapumui. Kwangu kuna zile zidaka za ukutani, za kuwekea vyombo, basi amechagua kile cha juu kabisa nyuma ya bakuli la marehemu bibi na ndiyo nyumba yake, anashuka usiku anakula anarudi.

KOMBO: Na shemeji kasikia kwa mke wangu, akaniambia Kombo nipeleke, watoto wanalia paka. Mimi kwa heshima nikaja naye, nikavaa kanzu kabisa.

ESHA: Alivaa kanzu kweli.

KOMBO: Mshenga lazima avae. Tumefika, tumekaa, nikafungua maneno vizuri, tumekuja kwa kheri si kwa shari, tumesikia hapa kuna binti...

ESHA: Wallahi alisema hivyo. Na mimi nikacheka, nikamwambia basi binti ana walii wake na walii ana maswali. Nikamuuliza shemeji, nyumbani ni wapi, akasema Langoni, karibu na soko. Watoto wangapi, akasema wanne na mdogo ndiyo anaanza kukimbia. Ushawahi kukaa na paka mwoga? Akasema paka ni paka. Mkisafiri kwenda Mombasa anabaki na nani? Akasema anabaki na Mungu.

KOMBO: Jibu zuri hilo! Mimi nilipoposa sikuulizwa hata robo. Niliulizwa unafanya kazi gani na unaswali wapi, basi, nikapewa mtu mzima mwenye akili zake.

ESHA: Labda wangekuuliza zaidi ungekosa.

KOMBO: Sasa ona. Na bi harusi mwenyewe mlimuuliza? Alikuwa pale juu kidakani, kimya. Na binti akinyamaza si ndiyo ridhaa yake? Tumesomeshwa hivyo chuoni sote.

ESHA: Alikojoa, Kombo! Mtoto wa shemeji alipopanda kiti akamvuta mkia, kipaka kakojolea bakuli la bibi. Hiyo ni ridhaa?

KOMBO: Machozi ya furaha.

ESHA: Astaghfirullah. Sikilizeni, leo tulipanga tuwape mambo matano ya kuangalia unapomtafutia paka mwoga nyumba, nimeyaandika hapa kwenye daftari, la kwanza...

KOMBO: La kwanza mahari. Kilo ngapi za dagaa?

ESHA: La kwanza ni chumba kimoja. Paka mwoga akifika humfungulii nyumba nzima, unampa chumba kimoja kidogo chenye pa kujificha, hata boksi lililolazwa ubavu, chakula upande huu na mchanga wake wa choo upande ule mbali na chakula, na unamwacha humo siku kadhaa mpaka mwenyewe aanze kutoka.

KOMBO: Fungate!

ESHA: Eeh, haya, fungate.

KOMBO: Siku saba, ndani, chakula kinaletwa mlangoni. Unaona basi shemeji anajua haya mambo?

ESHA: Katika fungate hakuna watoto wanne wanaochungulia mlangoni. Na anayeingia anakaa chini, hamtumbulii macho, anasoma kitabu chake au msahafu wake kwa sauti ya chini, paka azoee sauti. Ukikutana naye macho unayafumba polepole na kuyafumbua. Hili si la wanawake wa mtaani, watu wa Chuo Kikuu cha Sussex kule Uingereza walilipima mwaka 2020 wakaona paka nao wanarudisha, wanafumba vile vile, na wanakubali zaidi kumsogelea mtu aliyewafanyia hivyo.

KOMBO: Kumrembulia. Sema tu kumrembulia. Kumbe Wazungu wamefika mpaka chuo kikuu ndipo wakajua macho ya kurembua yanamleta mtu karibu, hapa Pwani tungewaambia bure.

ESHA: (anacheka) Sasa mrembulie shemeji yako umwambie basi yamekwisha.

KOMBO: Hayajesha. La pili lipi?

ESHA: La pili ni paka mwingine. Ikiwa nyumba ina paka mkubwa mtulivu, kafungwa uzazi, anapenda watu, huyu mwoga anamtazama yule. Akiona mwenzake anamsogelea mtu na hafi, naye...

KOMBO: Kungwi! Umeona? Umeona Esha? Bi harusi ana somo wake wa kumfunda. Wewe mwenyewe waipanga harusi kisha wakasirika nikiitaja.

ESHA: Sikasiriki, ila tuna dakika chache na wewe umekwama kwa harusi.

KOMBO: Na nyumba hiyo yenye kungwi unayo? Manake najua unayo, ndiyo sababu shemeji kanyimwa.

ESHA: Kuna bi mkubwa mmoja kule Mkomani. Yuko peke yake, nyumba ya mawe kuta nene hata punda humsikii, ana paka mmoja mzee wa rangi ya chungwa analala siku nzima, na kabla ya huyo alikuwa na jike alikaa chini ya kitanda karibu mwaka mzima, na bi mkubwa hakumkimbiza, alikuwa anaweka sahani anaondoka, anaweka anaondoka. Mpaka yule paka akafa mapajani mwake. Mtu kama huyo ndiye namtaka mimi.

KOMBO: Sawa, sasa tuache mzaha kidogo. Mimi hapo sikubaliani nawe na nasema kweli. Paka wa Lamu si wa mtu. Ni wa mtaa. Anakula kwangu asubuhi, adhuhuri yuko kwa wavuvi, jioni kwa mtu wa mishikaki, akifa mtaa mzima wajua. Wewe wataka kumfungia ndani ya kuta nene na kizee. Na hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka waijua.

ESHA: Naijua yote, wewe umeishia nusu. Yule alimfungia hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Kufunga na njaa. Bi mkubwa atamnyima nini?

KOMBO: Uhuru.

ESHA: Uhuru wa kupata mimba ana miezi mitano? Manake jike anaweza kushika mapema hivyo, na mimba ya paka ni miezi miwili tu, kisha wale watoto wanazaliwa kwenye mtaro wanakua bila kuguswa na mtu, na paka anamzoea binadamu vizuri kuanzia wiki ya pili mpaka kama ya saba ya umri wake, hapo ndipo mlango uko wazi. Huyu wangu alipitwa vile vile, alipoletwa kituoni alikuwa keshavuka.

KOMBO: Basi hapo hapo! Kama mlango ushafungwa, mzoefu wako atafanya nini? Mpe nyumba yoyote yenye chakula na huruma. Watoto wa shemeji wana huruma, yule mdogo alilala analia.

ESHA: Haujafungwa, umerudishwa tu. Anazoea, ila kwa mwendo wake, na ndiyo maana nataka mtu asiyeudhika paka akimkataa. Watoto wanaudhika. Wiki ya kwanza wanampenda, ya pili wanamvuta, ya tatu kaparua mmoja, shemeji anafungua mlango nje! Na pale Langoni nyumba zimeshikana, dari kwa dari, akishapanda juu utamtafutia wapi?

KOMBO: Hujui kama ingekuwa hivyo.

ESHA: Sijui, lakini sitaki kumjaribishia yeye.

KOMBO: Haya na mimi nikuulize. Kituo kimejaa, umesema mwenyewe. Kila wiki unayomngoja mzoefu, kidaka chako kimekaliwa, na kuna kipaka mwingine pale kituoni amekosa mahali kwa sababu dada Esha anachagua wachumba. Huyo naye nani walii wake?

ESHA: ...

KOMBO: Sema.

ESHA: Akirudishwa ndiyo nafasi zinakuwa mbili zimepotea. Na anarudi mwoga zaidi.

KOMBO: Hilo si jibu la swali langu.

ESHA: Ndilo nililonalo.

KOMBO: Na bi mkubwa, Mungu ampe umri, ana miaka mingapi? Paka anakaa miaka kumi na tano huyu.

ESHA: Kuna mjukuu.

KOMBO: Mjukuu yuko Nairobi!

ESHA: Kombo, mauti hayatazami umri, shemeji yako mwenyewe ana presha.

KOMBO: Sasa wamwombea shemeji mauti hewani!

ESHA: Sijamwombea! Tuendelee, la tatu ni chakula na hili nataka liingie manake watu wa huku tunalikosea. Samaki mbichi peke yake kila siku si chakula cha paka, samaki wengine wakiwa wabichi wana kitu kinachoua vitamini B1 mwilini mwa paka, bora umchemshie, na maziwa ya ng'ombe wengi yanawaharisha, maji tu yatosha. Na Panadol usimpe kamwe hata kipande, paracetamol inamuua paka.

KOMBO: Maziwa? Kila paka kwetu kanywa maziwa.

ESHA: Na kila paka kwenu kaharisha.

KOMBO: Kweli waliharisha. Lakini walikuwa na furaha.

ESHA: La nne...

KOMBO: Esha, simu yangu ina asilimia nne na Maghrib hiyo inaingia.

ESHA: Si unaona, harusi imetula. La nne ni chanjo, ya kichaa cha mbwa anachanjwa kuanzia miezi mitatu, na kumfunga uzazi, msione haya kuuliza kituoni. Punda wa Lamu wana hospitali yao tangu 1987, na paka...

KOMBO: Paka wanasubiri washenga.

ESHA: La tano sitalifika. Nitaliweka kwenye statasi.

KOMBO: Weka na hili, kwamba kesho baada ya Alasiri shemeji anakuja tena, safari hii bila watoto, na anakuja na kilo ya changu waliochemshwa.

ESHA: Kesho baada ya Alasiri anakuja bi mkubwa.

KOMBO: Basi watakutana.

ESHA: Kombo, usimlete.

KOMBO: Kanzu nishaipiga pasi.