Amekufa kwa Nini? Vihusishi vya Sababu katika Kiingereza

Wakubwa wangu shikamooni. Wakalimani, wafasiri na wanafunzi, habari zenu.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna wenye Kiingereza wanavyotaja sababu kwa kutumia vihusishi. Mada hii shuleni hupewa nusu ukurasa: "because of", "due to", basi, twende mbele. Mimi naiona ni kubwa kuliko hivyo. Kihusishi cha sababu katika Kiingereza ni hukumu. Anayekichagua amekwisha kuamua kama jambo lilimpata mtu mwilini au lilitoka moyoni mwake, kama kuna wa kulaumiwa au wa kushukuriwa. Mkalimani asiyeisikia hukumu hiyo hutoa hukumu nyingine bila kujua.

Sisi tuna "kwa". Mtu hufa kwa njaa, hutetemeka kwa baridi, hulia kwa furaha, hufungwa kwa wizi, hushindwa mtihani kwa uzembe. Neno moja limebeba yote hayo, na msikilizaji hapotei, kwa kuwa nomino inayofuata inamwambia sababu ni ya namna gani. Mwenye Kiingereza anavitawanya: "die of hunger", "shake with cold", "weep for joy", "jailed for theft", "fail through carelessness". Ukivibadilishana ataelewa, lakini atajua papo hapo kwamba lugha si yako.

Tuchukue nomino moja tu, hofu, tuione ikibadilishiwa kihusishi. "She was trembling with fear": hofu imeenea mwilini, inaonekana kwa macho, wala mwenyewe hakuamua kutetemeka. Ndiyo kazi ya "with" katika sababu. Utaikuta kwenye "blue with cold" na "green with envy", mahali ambapo mwili au uso unasema. Sasa sikia "She signed the paper out of fear". Hapa ametenda, amesaini, na hofu ndiyo iliyomsukuma kutoka ndani. "Out of" ni kihusishi cha nia: "out of pity", "out of curiosity", "out of spite". Huwezi kukitumia kwa mvua wala kwa homa, kwa sababu mvua haina moyo. Halafu kuna "She kept quiet for fear of waking the child". Mtoto hajaamka bado. Sababu iko mbele, ni jambo linaloepukwa. Kwa Kiswahili kizuri hiyo ni "alinyamaza kwa kuchelea kumwamsha mtoto", na nawasihi msiliache neno "kuchelea" lipotee, maana linabeba hasa kile "for fear of" inachobeba.

Tuje kwenye kifo, maana hapo kihusishi huingia hadi kwenye takwimu za serikali. Kwa kawaida maradhi, njaa na uzee huchukua "of": "die of cholera", "die of old age". Majeraha na matatizo yaliyofuata jambo jingine hupendelea "from": "die from his wounds". Mpaka huu si ukuta. Wasemaji wengi huuvuka, hasa kwa magonjwa. Ukikuta "die for", hiyo mara nyingi si sababu ya kitabibu hata kidogo, ni kufia: kufia nchi, kufia dini. Kwetu kiambishi ndani ya kitenzi kimefanya kazi ambayo wao wameipa neno la pembeni.

Lakini "of" na "with" ndizo zilizozua mjadala mkubwa wakati wa korona. Huko England, hesabu ya awali ya Public Health England, taasisi ya serikali ya afya ya umma, ilimjumuisha kila aliyewahi kupimwa akakutwa na virusi kisha akafariki, hata kama miezi ilikuwa imepita na kilichomwua ni kingine. Watu wakauliza: hawa wamekufa "of Covid" au "with Covid"? La kwanza linasema ugonjwa ndio uliomwua. La pili linasema tu kwamba alipokufa, virusi alikuwa navyo. Tarehe 12 Agosti 2020 utaratibu ulibadilishwa, vikahesabiwa kwenye takwimu kuu za kila siku vile tu vifo vilivyotokea ndani ya siku 28 tangu kipimo, na jumla ya Uingereza ikapungua kwa zaidi ya vifo 5,000. Tazameni lakini jambo hili: "with" ile ile iliyotoa sababu katika "trembling with fear" hapa inakana sababu. Kinachoamua ni kitenzi kilichotangulia na aina ya nomino. Ndiyo maana nasema orodha za vihusishi za kukariri hazitoshi. Mwanafunzi akariri kitenzi, kihusishi na nomino kwa pamoja.

Kuna kundi la pili, la vihusishi vya maneno mawili matatu, nalo ni la maofisi, magazeti na mahakama. Hili linanivutia kwa asili yake. "Due" imepitia Kifaransa kutoka kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kudaiwa. "Owing" inatokana na "owe", kudaiwa vilevile. "On account of" inazungumzia hesabu. "Thanks to" inatoa shukrani. Yaani tukio lina deni kwa kilicholileta. Sisi tukisema "kutokana na" tunazungumzia mahali jambo lilipotoka, si deni. Maana ya zamani ya maneno hayo imefifia, ila "thanks to" bado ina ladha yake: ni ya jambo jema, na ukiiweka kwenye jambo baya unakuwa unalaumu kwa ukali. "Thanks to you, we missed the train" si shukrani. Mfasiri atakayeandika "shukrani kwako" atakuwa amefasiri herufi.

Juu ya "due to" kuna ugomvi wa siku nyingi. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya mwaka 1926, alishikilia kwamba lazima itegemee nomino: kuahirishwa kwa mechi "was due to rain" ni sawa, lakini mechi "was cancelled due to rain" si sawa. Leo wasomaji wengi wa Kiingereza hawalioni kosa hilo, nami siwapotezei muda. Mwenye kuandika kwa mhariri mkali atumie "because of", yatakwisha.

Ninapotaka tukae kidogo ni "on account of", kwa sababu hapa kuna watu ambao maisha yao yameshikwa na maneno haya. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unasema mkimbizi ni mwenye hofu ya kuteswa "for reasons of" rangi, dini, uraia, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Marekani ilipoandika sheria yake mwaka 1980 iliweka "on account of". Mwaka 1992 ikaja hukumu ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo juu ya kijana wa Guatemala, Elias-Zacarias. Wapiganaji wa msituni waliofunika nyuso walifika kwao na silaha wakimtaka ajiunge nao. Akakataa, akiogopa kwamba serikali ingelipiza kisasi kwake na kwa jamaa zake, kisha akakimbia nchi. Mahakama, kwa kalamu ya jaji Antonin Scalia, ilisema haitoshi kwamba wanaomlazimisha mtu wana siasa zao. "On account of political opinion" inataka mateso yawe kwa sababu ya msimamo wa mwathirika mwenyewe, na lazima awe na ushahidi wa nia ya watesi. Mwaka 2005 Bunge la Marekani likaongeza sharti kwamba sababu hiyo iwe angalau mojawapo ya sababu kuu.

Sasa fikirieni mwombaji hifadhi kutoka Kivu, mbele ya ofisa, na mkalimani aliyekulia Tanga au Mombasa. Mwombaji anasema: "Walimupiga juu ya kabila yake." Katika Kiswahili cha Kongo, "juu ya" ni sababu. Walimpiga kwa sababu ya kabila lake. Vijana wa Nairobi nao husema "juu" kwa maana hiyohiyo. Mkalimani aliyezoea kwamba "juu ya" ni mada au mahali anaweza kutoa "they beat him over something about his tribe", na hapo kiungo ambacho sheria nzima inakitafuta kimelegezwa na mtu ambaye hakuwapo wakati wa kipigo. Mwingine akisema "tulikimbia juu ya vita", hiyo ni "because of the war", na mkalimani hana ruhusa ya kuipandisha iwe "on account of our ethnicity" ati amsaidie ndugu yake. Kuipandisha ni kusema uongo, na kwenye mahojiano ya pili maelezo yakitofautiana atakayeumia ni mwombaji.

Kwa hiyo ukisikia "juu ya" na hukuwa na hakika, mwombe ofisa ruhusa, kwa sauti, ili iingie kwenye kumbukumbu. Kisha muulize msemaji kwa Kiswahili chake: "Mama, unaposema juu ya kabila, unataka kusema kabila ndiyo ilifanya wamupige?" Akishajibu, toa jibu lake kwa "because of", uache ofisa na wakili wabishane kama hiyo inafika kwenye "on account of".