Betri ya Kupandia Newala

Shikamooni wazee wangu. Vijana, poleni na kazi, na ahsanteni kwa kuacha kijiwe mje kunisikiliza.

Hapa Mtwara naulizwa sana: "Fundi, pikipiki yangu ya umeme ni ya volti 72, nichukue betri ya ampea ngapi?" Nami huuliza kwanza: unaishia Mikindani, au unapanda Newala?

Wa Mikindani anakwenda tambarare, betri yoyote nzima itamfikisha. Wa Newala tumpigie hesabu. Pikipiki, dereva na gunia la korosho, tuseme kilo 250. Barabara inainuka mita 10 kwa kila mita 100, naye anataka kwenda kilomita 40 kwa saa. Mota itadai wati kama 4,500. Gawanya kwa volti 72: ampea zaidi ya 60. Tena si za kufumba na kufumbua, ni mpaka mlima uishe.

Sasa betri imeandikwa 72V 40Ah. Ile 40Ah, yaani ampea-saa 40, ni ukubwa wa mtungi tu, haisemi chochote kuhusu mdomo wake. Mdomo ni ampea ambazo betri inatoa mfululizo, na anayeulinda ni kile kibao kidogo cha umeme cha ndani tunachokiita BMS. Kama kimepangiwa ampea 40, kitakata umeme katikati ya mlima, gunia likiwa nyuma yako na lori likikufuata. Muuzaji akikutajia "ampea 100", muulize: za mfululizo au za sekunde chache? Akibabaika, rudisha pesa mfukoni.

Hata BMS ikiruhusu, seli dhaifu, yaani vile vibetri vidogo vya ndani, zina ukinzani mkubwa: zinauzuia umeme kupita. Ukinzani wa omu 0.1 tu, kwa ampea 60, unakumezea volti 6 na kugeuza wati 360 kuwa joto ndani ya boksi. Kwa jua letu hili, betri hiyo inapikika. Ndiyo maana nasema nunua kubwa kuliko safari yako: seli zikiwa nyingi sambamba, kila moja inabeba mzigo mdogo.

Betri za asidi sizisemi sana. Ni nzito na zinachoka upesi. Kwa pikipiki yenye nguvu ziacheni.

Lithiamu ziko za aina mbili mtakazokutana nazo. Ya nikeli ni nyepesi. Ya chuma na fosfeti ni nzito zaidi, lakini ikitunzwa inavuka chaji 2,000, na si nyepesi kushika moto. Kwa bodaboda anayechaji kila siku, hiyo ni zaidi ya miaka mitano. Mimi nachagua hiyo bila kusita.

Na hapa naomba mnisikie vizuri, kwa sababu nyumba zinaungua. Betri ya nikeli ya volti 72 huwa na seli 20 zilizoungwa kwa kufuatana na hujaa kwenye volti 84. Ya chuma na fosfeti yenye seli 24 hujaa kwenye 87.6. Chaja zinafanana kwa macho. Ukichomeka chaja ya betri ya pili kwenye betri ya kwanza, na BMS ikawa mbovu, kila seli inasukumwa hadi karibu volti 4.4, wakati mwisho wake ni 4.2. Chaja usiazime kwa jirani!

Jambo moja linanifurahisha kila nikifungua seli: ule weusi wa upande hasi ni kinywe (grafaiti), madini yaleyale yaliyoko Ruangwa, kwa ndugu zetu wa Lindi. Kwa uzito, ndani ya seli kinywe ni kingi kuliko lithiamu yenyewe.

Mwisho, mzani. Betri ya 72V 40Ah ni wati-saa 2,880, karibu uniti tatu za LUKU. Ikiwa ni ya chuma na fosfeti, haiwezi kuwa chini ya kilo 15. Nyingi zinapita 20. Niliwahi kuletewa moja ya kilo 11. Tulipoifungua, nusu ya boksi ilikuwa sponji, na kijana wa watu alikuwa ameuza korosho za msimu mzima ili kuinunua.

Nani kaja na yake leo? Ilete hapa mezani, tuipime.