Kabla hujamwaga zege mbele ya nyumba

DADA: Haya karibuni tena, leo tunaongelea kitu ambacho watu wengi wanakuja kukijua hela ishatumika, yaani kupaki gari mbele ya nyumba yako mwenyewe na ile njia ya kuingizia gari. Kaka, mada umeileta wewe, anza.

KAKA: Nimeileta kwa sababu imenikuta. Niling'oa maua yote mbele, nikaita fundi, tukamwaga zege kuanzia ukutani mpaka kwenye lami, nikasema sasa gari zote mbili zinalala nyumbani. Zege halijamaliza hata wiki tatu ikaja barua, vunja.

DADA: Yote?

KAKA: Kile kipande cha nje. Kutoka mpaka wa kiwanja mpaka lami ni kama mita mbili na kitu hivi, kumbe sio zangu, ni hifadhi ya barabara. Na mimi miaka yote nafyeka majani pale, nafagia, nikajua ni pangu.

DADA: Pole sana, na wengi wanakwama hapohapo. Kufyeka hakukufanyi mwenye eneo. Pale chini panapita bomba za maji, nyaya, pengine na mtaro, na juu yake wanapita watu wa miguu, mama na mtoto, mtu wa kiti cha magurudumu. Sasa wewe ukipandisha gari ya tani moja na nusu kila siku kwenye njia iliyojengwa kubeba miguu ya watu, ile njia inatitia, inapasuka, siku moja mtu anajikwaa. Ndo maana mamlaka nyingi zinasema ukitaka gari ivuke pale omba kibali kwanza, ukingo ushushwe na chini pajengwe imara zaidi. Uingereza kwa mfano sheria ya barabara ya mwaka 1980 inaipa mamlaka ya barabara nguvu ya kudai hicho kivuko cha gari juu ya njia ya miguu kijengwe, na gharama anabeba mwenye nyumba.

KAKA: Na wengine wanatupia tu kipande cha mbao au zege kwenye mtaro gari ipande.

DADA: Hiyo naichukia kabisa. Mvua ikija takataka zinakwama pale, maji yanarudi kwa jirani, na jirani hajui hata yametokea wapi.

KAKA: Lakini ndani ya mpaka wangu si nafanya ninavyotaka? Maana kile cha ndani hawakunigusa.

DADA: Inategemea unakaa wapi, na hapa ndo naomba watu wanisikilize vizuri. Piga hesabu hii, milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Zege lako ndani ni mita ngapi za mraba?

KAKA: Kama 30.

DADA: Basi mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua ya kawaida tu, inakupa lita 600. Zamani udongo na maua vilikuwa vinanywa sehemu kubwa, sasa karibu zote zinatoka mbio kwenda barabarani. Nyumba 10 za mtaa wako zikifanya hivyohivyo ni lita 6,000 kwenye mtaro uleule mmoja ambao haujaongezwa hata inchi. Kila mmoja anaona lake ni dogo.

KAKA: Aisee sijawahi kuliwaza hivyo, mi nilikuwa nawaza vumbi na matope tu.

DADA: England waliipata mwaka 2007, mafuriko ya kiangazi yakaingia kwenye nyumba na majengo kama 55,000, na sehemu kubwa haikuwa mto kufurika, ni maji ya juu ya ardhi yaliyozidi mitaro. Mwaka uliofuata, Oktoba 2008, wakabadilisha kanuni, ukitaka kufunika zaidi ya mita 5 za mraba mbele ya nyumba kwa kitu kisichopitisha maji, na maji hayaelekezwi sehemu ya kuzama ardhini ndani ya kiwanja, uombe ruhusa. Ukitumia kokoto au pevingi za kupitisha maji huhitaji. Mi naiona ni kanuni ya haki kabisa maana haikukatazi kupaki, inakuambia tu maji yako yabaki kwako.

KAKA: Miji mingi ya Marekani najua inakataza hata kupaki juu ya majani ya mbele.

DADA: Ndio, oili inadondoka, tairi zinashindilia udongo mpaka unakuwa mgumu kama zege lenyewe, maji hayaingii tena. Halafu kuna kuonana. Ukuta mrefu pembeni ya geti, au maua yamekua, wewe unarudi rivasi, mtoto anapita na baiskeli, hamuonani mpaka mmeshakutana. Kanuni nyingi zinabana urefu wa ukuta karibu na barabara kwa sababu hiyo, kule England ni mita moja bila ruhusa. Marekani tangu Mei 2018 gari ndogo mpya zote lazima ziwe na kamera ya nyuma, na watoto wadogo kugongwa na gari zinazorudi nyuma ni sababu kubwa ya sheria hiyo. Mimi nina watoto, hili siliongelei kama karatasi za ofisini.

KAKA: Sasa mtu anayetaka kuanza, aanzie wapi?

DADA: Achukue futi kamba apime gari yake kwanza. Sehemu ya gari moja huwa inakadiriwa mita 2.4 kwa 4.8, kama mbele ya nyumba ni mita 4 basi kitako cha gari kitatokeza kwenye njia ya watu, na kibali atanyimwa, na ni sawa anyimwe. Halafu aende ofisi ya ardhi au ya barabara aonyeshwe mpaka wake uko wapi kweli, asiamini majani anayofyeka.

KAKA: Na mimi ambaye zege liko ndani tayari?

DADA: Acha mistari miwili ya kukanyagia tairi, katikati vunja, rudisha udongo, panda majani. Pembeni chimba mfereji mdogo ujaze kokoto. Utapunguza labda nusu ya lile zege na gari itaingia vilevile.

KAKA: Fundi anakuja Jumamosi kumalizia kuvunja kipande cha nje, nitamwambia asirudishe nyundo nyumbani. Ila mistari iwe mipana kiasi gani?

DADA: Sentimita 60 kila mmoja inatosha, ila pima umbali wa tairi za gari zote mbili kabla hamjaanza kugonga.