Yalikuwa Mengi, Ndiyo Maana Yamekwisha

Asanteni, asanteni. Kaeni, tafadhali. Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu, utambulisho umeshafanywa na muda ni mfupi, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Kwanza nawaomba mfumbe macho. Fumbeni kweli, hata nyinyi wa nyuma. Likumbukeni gari la kwanza mlilopanda mkiwa wadogo. Msinipe lile la ndoto, nataka lile la kweli, ambalo kiti chake kiliunguza mapaja likishinda juani. Haya, mara ya mwisho kuliona gari la aina ile likitembea barabarani ilikuwa lini? Naona macho yanafumbuka moja moja na hakuna anayejibu. Siku ile ilipita kama siku nyingine yoyote, na hakuna aliyejua kwamba analiaga.

Walionisikia huko nyuma wanajua ninakoelekea, na wanisamehe, maana nitalisema tena mpaka lieleweke. Gari la kawaida halipotei kwa sababu lilikuwa bovu. Linapotea kwa sababu lilikuwa kila mahali.

Tazameni. Ferrari 250 GTO zilitengenezwa 36 tu, kati ya 1962 na 1964. Leo karibu zote zipo, na moja iliuzwa mnadani mwaka 2018 kwa zaidi ya dola milioni 48. Morris Marina ya Uingereza ilitengenezwa zaidi ya 800,000 kuanzia 1971 hadi 1980. Waingereza waliiona mpaka wakachoka nayo. Nendeni leo huko huko kwao, mkae kando ya barabara kutwa nzima, na mkiiona moja mtaipiga picha. Magari 36 yamesalia na magari laki nane yameyeyuka! Mtu akiniambia hilo ni suala la ubora tu, namwomba afikiri tena.

Kila gari hushuka kwenye bonde. Likiwa jipya linapendwa, likifika miaka mitano linauzwa kwa mtu wa pili, kisha wa tatu. Likifika miaka kumi na mitano hivi, klachi inakufa, na fundi anataja gharama inayozidi thamani ya gari lenyewe. Hapo ndipo yanapokufa mengi. Mwenye gari hana kosa, amepiga hesabu. Hesabu yake inasema yako mengine kama hilo, achukue lolote. Jirani naye anapiga hesabu ile ile, na wa mtaa wa pili vile vile, wote wakiamini kwamba yako mengine. Gari likivuka miaka thelathini linaanza kupendwa upya na watu wanalitafuta kwa tochi. Ila la kuvuka ndilo hilo moja, mengine yamebaki bondeni.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni: hapana bwana, hayo magari yaliliwa na kutu. Kutu nimeihesabu. Bodi zile za bati, maji yakishaingia chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu, injini inaweza kuwa nzima kabisa huku sakafu inaonyesha lami. Lakini nijibuni hili la Trabant. Lile gari la Ujerumani Mashariki paneli zake nyingi za nje hazikuwa za bati, zilikuwa za Duroplast, yaani utomvu uliochanganywa na nyuzi za pamba. Duroplast haishiki kutu! Yalitengenezwa kama milioni tatu. Watu walijiandikisha na kulisubiri zaidi ya miaka kumi, mtu anaagiza gari mtoto wake yuko shule ya msingi, anakuja kulipokea mtoto ni kijana mzima. Ukuta wa Berlin ukaanguka mwaka 1989, na ndani ya muda mfupi gari lile lililosubiriwa kwa muongo mzima likawa linatelekezwa barabarani. La mwisho lilitoka kiwandani Zwickau mwaka 1991. Kutu iliingia wapi hapo? Liliuawa na dharau.

Na mahali pengine yaliuawa kwa sheria. Mwaka 2009 serikali ya Marekani iliwalipa watu waachie magari yanayokunywa mafuta mengi wanunue mapya, na kwa wiki chache yakaachiwa karibu laki saba. Yaliyotangulia kwenye orodha yalikuwa Ford Explorer, gari ambalo miaka ya tisini lilijaa kila barabara ya nchi ile. Sheria ilitaka injini isifufuke tena. Basi oili inamwagwa, badala yake inatiwa silikati ya sodiamu, kemikali ya majimaji inayoganda ikipata joto, injini inawashwa na kukanyagwa mafuta. Dakika chache tu, mle ndani panaganda kama kioo, injini inakwama, haizunguki tena. Kuna injini zilizouawa hivyo zikiwa hazina hata tone la kuvuja. Najua, mtaniambia habari za moshi. Naikubali hoja ya moshi kwa moyo mweupe, nami sitaki yale magari yote yarudi barabarani. Nataka yabaki machache, ya kila aina, yakiwa mazima. Machache hayachafui mji.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi. Gari likipotea huondoka na mkono wa fundi.

Nilikuwa na Peugeot 504, ile ndefu ya viti safu tatu. Mnaijua 504, ilitoka 1968, mwaka uliofuata ikachaguliwa kuwa Gari la Mwaka Ulaya, zikatengenezwa zaidi ya milioni tatu, na Kaduna kule Nigeria waliendelea kuziunda Ufaransa ikiwa imeshaacha. Asubuhi moja ikakataa kuwaka. Stata inazungusha vizuri, injini haishiki. Nikamwita kijana, fundi hodari kwelikweli. Akaja na mashine yake ya kupimia kompyuta za magari, akalala chini ya dashibodi kutafuta pa kuchomeka waya. Akatafuta na kutafuta, hapakuwepo, maana gari lile halina kompyuta. Simlaumu hata kidogo, hakuna aliyewahi kumfundisha.

Akaja mzee mmoja, alikuwa ameshastaafu. Hakufungua boksi la vifaa. Aliniambia, "Piga stata." Nikapiga. "Basi, inatosha." Akafungua kifuniko cha distribyuta, ile inayogawa umeme wa cheche kwenye silinda, akasugua platini, vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke, kwa kipande cha msasa kidogo kama ukucha, akazungusha injini kwa mkono mpaka platini zikaachana kabisa. Akachana pembe ya kadi ya mwaliko iliyokuwa mfukoni mwake, akaipachika katikati, akakaza skrubu, kisha akaivuta ile kadi polepole. Akanipa na mimi niivute. "Ikiteleza bure, umeachia mno. Ikichanika, umebana mno. Inatakiwa ikukatalie kidogo." Mwanya wenyewe ni kama milimita 0.4, na yeye alikuwa nao vidoleni.

Gari likawaka. Nikadhani tumemaliza. Mzee akachukua bisibisi ndefu, akaiegemeza ncha yake kwenye kifuniko cha valvu, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Injini inanguruma, yeye ametulia kama anayesikiliza kifua cha mtoto. Akasema, "Silinda ya tatu, valvu ya kutolea moshi, imelegea." Tulipofungua tukapima. Ilikuwa hiyo hiyo.

Yule mzee ameshafariki. Msiniambie kwamba siku hizi kila kitu kiko kwenye intaneti. Nimetazama video za kurekebisha platini, na ni nzuri. Lakini ile "ikukatalie kidogo" haiingii kwa macho. Inahitaji kadi, kidole, na gari lenyewe liwepo mbele yako. Gari lisipokuwepo, unafundishia nini?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengi ya kusema juu ya magari ya miaka ya tisini na ya elfu mbili, ambayo yatatoweka haraka kuliko hayo ya wazee, kwa sababu kompyuta yake ikiungua na kiwanda kimeacha kuitengeneza, msasa na kadi havitasaidia. Hilo tulipangie siku yake.

La haraka kabla sijashuka. Wenye gari kuukuu nyumbani, msiruhusu lichinjwe kabla hamjatoa taa za nyuma, vioo na mipira ya milango. Injini unaweza kuazima spea za gari jingine ukazilazimisha, lakini taa ya nyuma ni ya gari hilo hilo peke yake, na ndiyo ya kwanza kuadimika. Zifungeni kwa kitambaa, ziandikeni jina la gari na mwaka wake, zihifadhini mbali na jua.

Na mama uliyekaa mstari wa tatu, uliyenionyesha picha ya Datsun 120Y iliyofunikwa turubai, tafadhali usiondoke. Nakuja hapo sasa hivi. Nataka unieleze sakafu yake ikoje upande wa dereva.